Kinga na Dhima: Uwajibikaji wa Viongozi katika Historia ya Pinga na Walikale

1.0 Utangulizi

Pinga ni mji mdogo wa jimbo la Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaokaa pale ambapo wilaya ya Masisi inapakana na wilaya ya Walikale. Wakazi wake husema Kinyanga, Kihunde na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na mbele ya wenye mamlaka. Katika muongo wa 2010 wenye mamlaka hao walibadilika mara nyingi. Pinga ilikuwa mara makao makuu ya kundi moja lenye silaha, mara mali ya kundi jingine, na mara uwanja wa vita kati ya makundi hayo au kati yao na jeshi la serikali.

Makala haya yanachunguza swali moja katika historia hiyo. Kiongozi anapoamuru uhalifu, au anapouacha utendeke chini ya amri yake, ni nani mwenye uwezo wa kumwuliza, na humwuliza lini? Hoja inayotetewa ni kwamba sheria ya kimataifa ya leo haikosi maneno ya kumfikia kiongozi, awe mkuu wa dola au mkuu wa kundi la msituni. Hata hivyo, katika sehemu hii ya Kongo sheria imemfikia kiongozi pale tu alipokwisha kupoteza ulinzi wa wenye nguvu. Kwa hiyo ni lazima kutofautisha kinga inayotolewa na sheria na ulinzi unaotolewa na siasa. Ya kwanza ina vifungu na mipaka. Wa pili hauna kifungu chochote, na ndiyo sababu ni mgumu zaidi kuuondoa.

2.0 Istilahi mbili

Neno "kinga" lina historia ndefu katika Kiswahili. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, hukinga uso kwa mkono. Mwili nao una kinga dhidi ya maradhi. Katika matumizi yote hayo kuna hatari inayotoka nje na kitu kinachosimama katikati. Wanasheria walipolichukua neno hili ili kueleza kinga ya mabalozi, ya wabunge na ya wakuu wa nchi, walihifadhi maana hiyo ya msingi. Lakini katika sheria kinga ni ya ofisi, si ya mtu. Balozi hakamatwi kwa sababu kazi ya dola iliyomtuma isivurugwe, wala si kwa sababu yeye ni bora kuliko wengine.

Hali ya mkosaji kuendelea kuishi bila kuulizwa ni jambo jingine. Kwa hali hiyo Kiswahili hakijakubaliana juu ya nomino moja; wengi husema "kutoadhibiwa". Muundo wa neno hili unastahili kuangaliwa. Ni kitenzi cha kutendwa kilichokanushwa, na kama ilivyo kawaida ya kauli ya kutendwa, mtenda amefichwa. Tunaambiwa kwamba fulani hakuadhibiwa, lakini hatuambiwi ni nani aliyepaswa kumwadhibu akaacha. Sehemu kubwa ya makala haya ni jaribio la kumrudisha mtenda huyo aliyefichwa.

Istilahi ya pili ni "dhima". Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kesi ya jemadari wa Kijapani Tomoyuki Yamashita, aliyehukumiwa Manila mwaka 1945 na kunyongwa mwaka 1946, ilithibitisha kwa namna iliyozua ubishi mkubwa kwamba kamanda anaweza kubeba dhima kwa uhalifu wa askari wake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 28. Kamanda ana dhima ikiwa alijua, au alipaswa kujua kwa kadiri ya hali ilivyokuwa, kwamba watu walio chini ya udhibiti wake wanatenda uhalifu, kisha asichukue hatua za lazima na za busara kuwazuia au kulifikisha jambo mbele ya vyombo husika. Kifungu cha 27 kinaongeza kwamba cheo, hata kama ni cha mkuu wa nchi, hakimwondolei mtu dhima. Kongo iliridhia Mkataba huo mwezi Aprili 2002.

3.0 Milango minne

Mwaka huohuo wa 2002 Kongo ilikuwa imekwisha kuchangia, kwa njia isiyotarajiwa, katika sheria ya kinga. Tarehe 11 Aprili 2000 hakimu mmoja wa uchunguzi nchini Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Kongo. Hati ilihusu hotuba alizotoa mwezi Agosti 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, ambazo zilidaiwa kuchochea chuki na mauaji dhidi ya Watutsi. Kongo ilipeleka malalamiko mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, ambayo huamua mashauri baina ya madola.

Katika hukumu ya tarehe 14 Februari 2002 Mahakama iliipa Kongo ushindi. Waziri wa mambo ya nje aliye madarakani, ilisema, hawezi kukamatwa wala kushtakiwa na mahakama za nchi nyingine, hata kwa uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini Mahakama iliona hatari ya maneno yake yenyewe, ikasisitiza kwamba kinga haimaanishi kutoadhibiwa. Ikataja hali nne ambamo kiongozi wa namna hiyo anaweza kushtakiwa: mbele ya mahakama za nchi yake mwenyewe, mbele ya mahakama za kigeni, dola yake ikiamua kumwondolea kinga, baada ya kuacha madaraka, kwa matendo ya kabla au baada ya kipindi chake na kwa matendo ya binafsi ya wakati huo, na mbele ya mahakama ya kimataifa ya jinai yenye mamlaka juu ya shauri.

Hali hizo nne zinaweza kuitwa milango minne. Kwa Yerodia hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Hukumu ilipotolewa hakuwa tena waziri. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa mmoja wa makamu wanne wa rais katika serikali ya mpito. Alifariki mwaka 2019 bila mahakama yoyote kuamua juu ya hotuba zile. Hapa tofauti iliyotajwa mwanzoni inajitokeza waziwazi. Kinga ya kisheria ilimlinda dhidi ya hakimu wa Ubelgiji tu. Dhidi ya hakimu wa Kinshasa hakuwa na kinga ya aina hiyo. Alikuwa na ulinzi wa siasa.

4.0 Walikale: kupanda ngazi ya amri

Kutoka kwa waziri wa Kinshasa hadi kwa wanavijiji wa Walikale ni mbali, lakini swali ni lilelile. Kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 2 Agosti 2010, wapiganaji wa muungano wa makundi matatu, yaani kundi la Sheka, kundi la FDLR lenye asili ya Rwanda, na kundi la kanali mmoja aliyelitoroka jeshi la Kongo, walivamia vijiji 13 katika barabara ya Kibua hadi Mpofi. Kijiji cha Luvungi ndicho kilichotajwa zaidi na magazeti ya dunia. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Nyumba na maduka kwa mamia yaliporwa. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na kambi Kibua, si mbali na hapo.

Ntabo Ntaberi Sheka, aliyewahi kujishughulisha na biashara ya madini ya Walikale, alikuwa ameunda kundi lake, Nduma Défense du Congo (NDC), mwaka 2009. Mwezi Januari 2011 mahakama ya kijeshi ya Kongo ilitoa hati ya kumkamata. Mwezi Novemba 2011 mtu huyohuyo aligombea ubunge wa Walikale na kufanya kampeni yake bila kukamatwa. Hakuchaguliwa, na katika mwezi huohuo Baraza la Usalama lilimweka katika orodha yake ya vikwazo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgombea si mbunge, na kwa hiyo hakuwa na kinga yoyote ya kisheria. Hati ilikuwapo, mwenye hati alijulikana, na mahali alipo palijulikana. Kilichokosekana ni mkono wa kuitekeleza.

Wakuu wa FDLR nao walifuatwa mbali na Kivu. Ignace Murwanashyaka, rais wa kundi hilo, aliishi Ujerumani. Alikamatwa mwezi Novemba 2009, na tarehe 28 Septemba 2015 mahakama ya Stuttgart ikampa kifungo cha miaka 13 kwa kuongoza kundi la kigaidi na kwa kusaidia uhalifu wa kivita. Miongoni mwa matukio yaliyochunguzwa lilikuwamo shambulio la mwezi Mei 2009 juu ya Busurungi, katika wilaya ya Walikale. Mwezi Desemba 2018 mahakama ya juu ilitengua sehemu ya hukumu hiyo, na mshtakiwa akafariki mwezi Aprili 2019 kabla ya kusikilizwa upya. Callixte Mbarushimana, katibu mtendaji wa kundi hilo, alikamatwa Paris mwaka 2010 na kupelekwa The Hague. Tarehe 16 Desemba 2011 majaji wengi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walikataa kuyathibitisha mashtaka dhidi yake, akaachiliwa.

Kesi hizi mbili zinaonyesha ugumu ulio ndani ya sheria yenyewe. Kadiri mtu anavyopanda ngazi ya amri, ndivyo ushahidi unavyopungua. Mwanamke wa Busurungi anaweza kueleza aliyoyaona. Hawezi kueleza mazungumzo ya simu kati ya Ujerumani na msitu wa Walikale. Anayeshika panga huonekana, ilhali anayeandika tangazo kutoka Ulaya huacha karatasi ambayo mawakili wanaweza kuisoma kwa namna mbili. Ugumu huo si hila ya kisiasa. Ni gharama ya kanuni njema, kwamba mtu asihukumiwe kwa cheo chake tu bali kwa tendo lililothibitishwa. Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa makamu wa rais wa Kongo kati ya 2003 na 2006, alitiwa hatiani mwezi Machi 2016 kwa dhima ya kamanda kuhusu matendo ya askari wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapewa kifungo cha miaka 18. Tarehe 8 Juni 2018 majaji wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, walimwachia huru, wakisema kwamba suala la hatua alizochukua au kutochukua halikupimwa ipasavyo.

5.0 Pinga: jetoni, hati na jina

Kilichomfikisha Sheka mahakamani kinaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia Pinga. Mwaka 2012 na 2013 NDC na kundi la APCLS walipigania mji huu; mwezi Agosti 2013 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililazimika kusimamisha kazi yake hapo kutokana na vitisho. Mwaka 2014 Guidon Shimiray Mwissa, aliyekuwa naibu wa Sheka, alijitenga na kuunda NDC-Rénové, akamnyang'anya mkubwa wake wapiganaji na ardhi. Sheka, akiwa amebakiwa na watu wachache, alijisalimisha kwa kikosi cha Umoja wa Mataifa tarehe 26 Julai 2017. Kesi yake ilianza Goma mwezi Novemba 2018 mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Operesheni ya Kivu Kaskazini. Tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu wa kivita, ukiwamo mauaji, ubakaji, utumwa wa kingono na kuandikisha watoto. Kamanda mmoja wa FDLR alipewa adhabu hiyohiyo.

Thamani ya hukumu hiyo isipunguzwe. Kwa walionusurika Luvungi ilikuwa mara ya kwanza kwa mkuu aliyeamuru, si mpiganaji wa chini tu, kukaa kitini na kuwasikiliza. Lakini miaka karibu 10 ilipita kati ya hati na hukumu, na katika miaka hiyo sheria haikuongezwa kifungu. Kilichobadilika ni nguvu ya mshtakiwa. Aidha, aliyemdhoofisha hakuwa hakimu bali naibu wake wa zamani.

Naye naibu huyo alifanya nini na Pinga? Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi NDC-Rénové ilivyoifanya Pinga kuwa makao yake na kutoza kodi ya kichwa: kila mtu mzima alilipa faranga 1,000 za Kongo kwa mwezi na kupewa jetoni kama uthibitisho. Asiyekuwa na jetoni alipokutwa njiani alitozwa au kuteswa. Kodi, kizuizi cha barabara, jela na uandikishaji wa askari ni kazi za dola, na zilifanywa na watu wasio dola. Kwa mujibu wa kanuni ya dhima ya kamanda hilo halimsaidii mkuu wa kundi. Kinyume chake, kadiri anavyotawala kwa utaratibu, ndivyo inavyokuwa rahisi kuthibitisha kwamba aliwadhibiti watu wake.

Guidon aliwekewa vikwazo na Baraza la Usalama mwezi Februari 2018, na mwezi Juni 2019 mwendesha mashtaka wa kijeshi wa Kongo alitoa hati ya kumkamata. Wataalamu wale wale waliripoti kwamba katika kipindi hicho kundi lake lilishirikiana na baadhi ya vikosi vya jeshi la taifa dhidi ya maadui wa pamoja. Kisha uasi wa M23 ukarudi. Tarehe 8 na 9 Mei 2022 wakuu wa makundi kadhaa walikutana Pinga na kuunda muungano dhidi ya M23. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba ofisa wa jeshi la taifa mwenye cheo cha kanali alihudhuria. Mwezi Mei 2023 sheria ya kuunda Jeshi la Akiba la Ulinzi ilitangazwa, ikifungua njia ya kuwatambua wapiganaji wa kujitolea. Jina walilopewa na umma ni "Wazalendo".

Mabadiliko ya maana ya neno hili yanafaa kuwashughulisha wanaisimu. Mzalendo kwa asili ni mzaliwa wa nchi, na kwa kuendelezwa maana, mwenye kuipenda nchi yake. Ilikuwa sifa iliyoweza kumhusu mwalimu au mkulima. Katika Kivu ya miaka ya 2020 imekuwa jina la hadhi: mtu huwa mzalendo kwa kushika bunduki upande fulani wa vita. Sifa ikigeuka hadhi huanza kufanya kazi ya kinga. Hati ya 2019 haikufutwa na mahakama. Ilifunikwa na neno. Hapa mtenda aliyefichwa katika "kutoadhibiwa" anaonekana: ni dola inayomhitaji mshtakiwa wake kama askari.

6.0 Mkuu wa dola

Je, wakuu wa dola wenyewe? Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukiukaji mkubwa nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Mwanzo wa kipindi hicho unaihusu Walikale moja kwa moja, kwani mwezi Machi 1993 ndipo soko la Ntoto liliposhambuliwa na vita vya Masisi kuanza. Majeshi ya madola kadhaa yametajwa humo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imekwisha kuitia Uganda hatiani tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola za Marekani milioni 325. Hiyo ni dhima ya dola: hulipwa kutoka hazina, na hakuna mtu anayekwenda gerezani.

Mwaka 2025 mlango wa kwanza kati ya ile minne ulifunguliwa kwa kishindo. Joseph Kabila, rais kuanzia 2001 hadi 2019 na seneta wa maisha, aliondolewa kinga na Seneti mwezi Mei. Tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo, kwa uhaini, uhalifu wa kivita na makosa mengine yaliyounganishwa na M23. Yeye aliyakana. Juu juu, hili ni kilele cha uwajibikaji: mkuu wa zamani wa nchi amehukumiwa nyumbani. Lakini mashtaka hayakuhusu maamuzi ya miaka 18 ya urais; yalihusu madai ya kushirikiana na maadui wa serikali iliyofuata. Wanavijiji wa Walikale waliovamiwa mwaka 2010, wakati wa utawala wake, hawakuwa na nafasi ya kuuliza katika kesi hiyo kwa nini hati ya 2011 haikutekelezwa. Utaratibu uliomfikia Kabila unafanana na uliomfikia Sheka: ulinzi wa siasa ulitangulia kuondoka, sheria ikafuata nyuma.

7.0 Hitimisho

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha msumeno wenye meno mazuri, uliotengenezwa kwa juhudi tangu Manila hadi Roma, lakini hukata pale tu mti ulipokwisha kulala. Anayetaka kuuboresha asitafute kifungu kipya kwanza. Aangalie hati zilizokwisha kutolewa, na aulize, kwa kila moja, ni ofisi gani iliyopaswa kuitekeleza na ni nani aliyeishika ofisi hiyo. Maswali haya yana majibu, na majibu yana majina.

Bado kuna nafasi. Mwezi Oktoba 2024 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai alitangaza kuelekeza upya uchunguzi wake juu ya Kivu Kaskazini, kwa matukio ya tangu Januari 2022. Kipindi hicho kinaanza miezi michache kabla ya mkutano wa Pinga, na kinaweza kuwahusu M23, wanaowaunga mkono, jeshi na Wazalendo kwa pamoja.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana kazi yao. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo shahidi wa Luvungi husema kwa lugha moja, na hukumu inayomhusu huandikwa kwa nyingine. Kumpa istilahi zinazotenganisha kinga na kutoadhibiwa, dola na mtu, uzalendo na msamaha wa makosa, ni kumpa uwezo wa kutamka swali lake bila mkalimani: si kwa nini hakuadhibiwa, bali nani hakumwadhibu.